Nadharia ya Nyuzi na Fizikia ya Kisasa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali yaliyomo hapa ndiyo yanayojitokeza zaidi mazungumzo ya fizikia yanapozuka Dodoma na mikoa jirani, iwe miongoni mwa wanafunzi wa kidato cha tano na sita na walimu wao, au miongoni mwa watu wazima waliosikia jambo redioni wakabaki na kiu ya kuelewa. Katika kila jibu nimejitahidi kutenganisha mambo matatu: yaliyokwisha kupimwa, yaliyokokotolewa kwa hisabati lakini hayajapimwa, na yanayotarajiwa tu. Sehemu kubwa ya mkanganyiko uliopo juu ya nadharia ya nyuzi hutokana na kuyachanganya hayo matatu.

Nadharia ya nyuzi inasema nini hasa?

Inasema kwamba chembe za msingi za maumbile, kama vile elektroni na kwaki (chembe zinazounda protoni), si nukta zisizo na urefu wala upana, bali kila moja ni uzi mdogo mno unaotetema. Uzi huo unaweza kuwa na ncha mbili zilizo huru, au ncha hizo zikaungana na kufanya kitanzi. Tofauti tunazoziona kati ya chembe na chembe, yaani tungamo lake, chaji yake na spini yake (sifa ya chembe inayofanana na kujizungusha), hazitokani na kuundwa kwa malighafi tofauti, bali hutokana na namna uzi wa aina ileile unavyotetema.

Anayelifahamu zeze la Wagogo anajua kwamba uzi mmoja hutoa sauti nene au nyembamba kulingana na mahali ulipobanwa na jinsi unavyotetema, ilhali uzi ni uleule. Nadharia inadai kwamba maumbile yote yamejengwa kwa utaratibu wa namna hiyo: mtetemo mmoja tunauona kuwa elektroni, mwingine tunauona kuwa fotoni, yaani chembe ya mwanga. Mfano huu una mpaka wake, na ni vema kuutaja mapema. Uzi wa zeze una unene, umeundwa kwa atomu, na unahitaji mkono wa kuupiga na hewa ya kuibeba sauti yake. Uzi unaozungumziwa na wanafizikia hauna unene wowote, haukuundwa kwa kitu kingine kilicho kidogo zaidi, na mtetemo wake hauhitaji hewa wala mpigaji.

Kuna jambo moja ambalo maelezo mepesi huliruka. Mtetemo wenye nishati kubwa huonekana kuwa chembe yenye tungamo kubwa, kwa mujibu wa uhusiano wa nishati na tungamo ambao Einstein aliuonyesha mwaka 1905. Lakini mitetemo ya juu ya uzi ingetoa chembe nzito mno, nzito kupita kiasi kwa mashine yoyote tuliyo nayo. Chembe zote zilizokwisha kugunduliwa zinalingana na mitetemo ya ngazi ya chini kabisa, ambayo kwa kipimo cha nyuzi haina tungamo, na tungamo dogo tunalolipima hutokana na sababu nyingine, mojawapo ikiwa ni uga wa Higgs, yaani kitu kilichoenea angani kote ambacho huzipa chembe tungamo.

Uzi huo ni mdogo kiasi gani?

Makadirio ya kawaida huuweka karibu na urefu wa Planck, yaani masafa mafupi ambayo chini yake fizikia tuliyo nayo haitegemewi tena, ambao ni takriban mita 1.6 × 10⁻³⁵. Atomu ina upana wa takriban mita 10⁻¹⁰, na protoni iliyo ndani ya kiini chake ni ndogo kuliko atomu kwa takriban mara laki moja. Kama ingewezekana kuikuza protoni hadi iwe na upana wa kilomita 100, basi uzi huo, ukikuzwa kwa kiwango hichohicho, ungefikia tu ukubwa wa protoni ya kawaida.

Ni mambo gani ya fizikia ya kisasa ambayo tayari yamethibitishwa?

Ni mengi, na ningependa msomaji ayashike haya kabla ya kuyafikia ya nyuzi, kwa kuwa haya yamepimwa.

La kwanza ni nadharia ya uhusianifu. Mwaka 1915 Einstein alikamilisha maelezo yake ya uvutano, akaonyesha kwamba uvutano ni mpindo wa anga na wakati kwa pamoja, na kwamba wakati hupita polepole zaidi mahali palipo karibu na tungamo kubwa. Jiji la Dodoma liko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, nalo Dar es Salaam liko ufukweni. Kwa hiyo saa ya atomu iliyowekwa Dodoma huitangulia ile ya Dar es Salaam kwa takriban nanosekunde 10 kila siku, nanosekunde moja ikiwa ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Mwendo nao huathiri wakati. Abiria wa treni ya SGR anayesafiri kwa kilomita 160 kwa saa kwa muda wa saa tatu hubaki nyuma, kwa sababu ya mwendo peke yake, kwa takriban sehemu moja ya kumi ya nanosekunde. Hatuzihisi tofauti hizi, lakini saa za kisasa zinazipima bila shida: mwaka 2022 watafiti nchini Marekani walipima tofauti ya mwendo wa wakati ndani ya wingu la atomu lenye urefu wa milimita moja tu.

Dereva wa bodaboda anayefuata ramani ya simu yake hutegemea hesabu hizohizo kila siku. Setilaiti za GPS ziko juu takriban kilomita 20,000, ambako uvutano wa Dunia ni hafifu, nazo zinakwenda kwa kasi kubwa. Ukizijumlisha athari zote mbili, saa zake huzitangulia saa za ardhini kwa takriban maikrosekunde 38 (maikrosekunde moja ni sehemu moja ya milioni ya sekunde) kwa siku. Kama tofauti hiyo isingerekebishwa, kosa la mahali lingeongezeka kwa takriban kilomita 10 kila siku.

La pili ni umakanika wa kwanta, ambao ndio msingi wa fizikia ya atomu na vilivyomo ndani yake. Mfano wake uko ardhini kwetu. Katika maeneo ya Bahi na Manyoni kuna mashapo yenye urani, na urani hutoa chembe ziitwazo alfa zinazochomoka kutoka katika kiini cha atomu. Kwa fizikia ya zamani jambo hilo lisingewezekana, kwa kuwa chembe ya alfa haina nishati ya kutosha kukivuka kizuizi kinachoizunguka. Mwaka 1928 George Gamow alionyesha kwamba kwa kanuni za kwanta upo uwezekano mdogo sana wa chembe hiyo kutokea upande wa pili wa kizuizi bila kukiruka. Uwezekano huo ni mdogo kiasi kwamba nusu ya atomu za urani-238 huhitaji takriban miaka bilioni 4.5 ili kuoza, nao hukokotolewa kwa hesabu na kulinganishwa na vipimo vya maabara.

Kutokana na umakanika wa kwanta ulijengwa Mfumo Sanifu wa chembe, uliokamilika kwa sehemu kubwa katika miaka ya 1970, ambao unaeleza chembe zote za msingi zinazojulikana pamoja na nguvu tatu kati ya nne za maumbile: ile ya umeme na sumaku, ile kali inayozifunga kwaki ndani ya protoni, na ile hafifu inayohusika na baadhi ya miozo ya viini. Chembe ya mwisho iliyokuwa ikisubiriwa katika mfumo huo, bozoni ya Higgs, ilitangazwa tarehe 4 Julai 2012 katika maabara ya CERN iliyopo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa.

Kama nadharia zote mbili ni sahihi, tatizo liko wapi?

Tatizo ni kwamba uvutano umebaki nje. Mfumo Sanifu unazichukulia nguvu tatu kwa kanuni za kwanta, na nadharia ya Einstein inauchukulia uvutano kuwa jiometri laini isiyo na msukosuko wowote wa kwanta. Kwa kazi nyingi hilo halina madhara, kwa sababu mahali ambapo kwanta ina nguvu, uvutano haufanyi kitu. Kati ya protoni mbili, msukumo wa umeme unauzidi uvutano kwa takriban mara 10³⁶, hivyo mkemia anaweza kufanya kazi maisha yake yote bila kuuingiza uvutano kwenye hesabu za atomu.

Lakini ziko hali ambapo zote mbili zinahitajika kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni katikati ya shimo jeusi, yaani mahali penye uvutano mkali kiasi kwamba hata mwanga hautoki, ambako hesabu za Einstein hutoa msongamano usio na kikomo, jambo ambalo kwa kawaida ni dalili kwamba hesabu imevuka mpaka wake. Ya pili ni mwanzo kabisa wa ulimwengu tunaouona, takriban miaka bilioni 13.8 iliyopita.

Kwa nini basi tusiuingize uvutano katika kanuni za kwanta kama tulivyoziingiza nguvu nyingine? Watu walijaribu, na kilichotokea kinastahili kuelezwa kwa utulivu kwa kuwa ndicho kiini cha habari yote. Katika fizikia ya kwanta hakuna uga unaotulia kabisa. Kila uga husukasuka, na kadiri unavyoangalia masafa mafupi zaidi ndivyo msukosuko unavyokuwa mkubwa zaidi. Hata katika nguvu ya umeme, hesabu za msukosuko huo mwanzoni zilitoa majibu yasiyo na kikomo. Tomonaga, Schwinger na Feynman waligundua katika miaka ya 1940 kwamba majibu hayo yanaweza kudhibitiwa kwa kupima viwango vichache tu, kama vile chaji na tungamo la elektroni, na baada ya hapo kila kitu kingine hukokotolewa kwa usahihi wa kustaajabisha: usumaku wa elektroni uliokokotolewa hulingana na uliopimwa kwa tarakimu zaidi ya kumi. Kwa uvutano njia hiyo inagoma. Kinachosukasuka sasa ni anga na wakati wenyewe, na kila hatua ya hesabu hudai kiwango kipya cha kupimwa, bila mwisho. Nadharia inayohitaji vipimo visivyo na idadi kabla ya kutoa utabiri haitabiri chochote kwenye masafa hayo mafupi.

Hapo ndipo uzi unapoingia. Majibu yasiyo na kikomo yanatokana na dhana kwamba chembe hukutana katika nukta moja isiyo na ukubwa. Nyuzi haziwezi kukutana hivyo. Zikiungana au zikitengana, tendo hilo hutawanyika juu ya eneo dogo, na chanzo cha majibu hayo mabaya hakipo tena.

Nani aliibuni, na lini?

Haikubuniwa kwa ajili ya uvutano hata kidogo. Mwaka 1968 Gabriele Veneziano, Mwitalia kijana aliyekuwa CERN, alipendekeza fomula iliyoeleza vizuri migongano ya chembe zinazohisi nguvu kali. Takriban mwaka 1970 Yoichiro Nambu, Holger Nielsen na Leonard Susskind, kila mmoja kwa njia yake, walitambua kwamba fomula hiyo ni ya nyuzi zinazotetema. Muda si mrefu nadharia ya kwaki ikaieleza nguvu kali vizuri zaidi, na wengi wakaziacha nyuzi. Kasoro moja iliyowasumbua ilikuwa kwamba hesabu zilikuwa zikitoa chembe isiyo na tungamo yenye spini mbili, ambayo haikuwa na nafasi katika nguvu kali.

Mwaka 1974 Joël Scherk na John Schwarz, na kwa upande wake Tamiaki Yoneya wa Japani, walisema kwamba chembe hiyo si kasoro. Sifa hizo ni zile hasa zinazotarajiwa kwa gravitoni, chembe ya kwanta ya uvutano. Kwa maneno mengine, anayeanza na nyuzi zinazofuata kanuni za kwanta hupata uvutano apende asipende. Kwa maoni yangu hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote zilizowahi kutolewa kwa ajili ya nadharia hii, na inasikitisha kwamba katika maelezo mengi hupewa sentensi moja tu huku dimensheni za ziada, yaani mielekeo ya ziada ya mahali ambayo nadharia inaihitaji, zikipewa kurasa nzima. Kwa miaka kumi watu wachache sana waliizingatia, hadi mwaka 1984 Michael Green na Schwarz walipoonyesha kwamba migongano fulani ya kihisabati, ambayo ilidhaniwa ingeiua nadharia, inajifuta yenyewe kwa ukamilifu. Kuanzia hapo mamia ya wanafizikia walihamia huko.

Kwa nini dimensheni kumi, na zile sita nyingine ziko wapi?

Dimensheni ni mwelekeo ulio huru. Ukitaka mwenzako akukute katika jengo lililo karibu na Nyerere Square, lazima umpe namba mbili za mahali kwenye ramani, ya tatu ya ghorofa, na ya nne ya saa. Namba nne zinatosha kwa tukio lolote tunalolijua, na ndiyo maana tunasema tunaishi katika dimensheni tatu za mahali na moja ya wakati.

Nadharia ya nyuzi haichagui idadi hiyo kwa hiari. Hesabu zake hubaki na ukinzani wa ndani, kwa mfano uwezekano unaojumlishwa kupita asilimia mia, isipokuwa dimensheni zikiwa kumi kwa jumla, yaani sita zaidi ya hizo nne. Wazo la kuongeza dimensheni ni la zamani kuliko nyuzi: mwaka 1921 Theodor Kaluza alionyesha kwamba ukiandika milinganyo ya Einstein katika dimensheni tano, ndani yake hutokea milinganyo ya umeme na sumaku, na mwaka 1926 Oskar Klein akapendekeza kwamba dimensheni ya tano haionekani kwa sababu imejikunja kwenye duara dogo sana. Kwa nyuzi, dimensheni sita za ziada hudhaniwa zimejikunja katika kila nukta ya anga, na mwaka 1985 ilionekana kwamba maumbo yaliyokuwa yamechunguzwa na wanahisabati Eugenio Calabi na Shing-Tung Yau yanafaa kwa kazi hiyo. Umbo la mkunjo huo lina uzito mkubwa, kwa sababu ndilo linaloamua ni mitetemo gani inawezekana, na hivyo ni chembe zipi zitakazokuwepo.

Dimensheni hizo hutafutwa kwa vipimo pia. Kama uvutano ungekuwa unasambaa katika mielekeo mingi zaidi kwenye masafa mafupi, ungepungua kwa haraka zaidi kuliko alivyosema Newton. Mizani nyeti za maabara zimeipima sheria ya Newton hadi masafa ya takriban sehemu moja ya ishirini ya milimita, na sheria imesimama imara. Kwa hiyo dimensheni za ziada ambazo uvutano unaweza kuzihisi, kama zipo, ni ndogo kuliko hapo.

Nadharia-M ni nini?

Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 zilikuwepo nadharia tano za nyuzi, zote zikiwa hazina ukinzani wa ndani, jambo lililowaudhi watu waliotaka moja. Mwaka 1995 Edward Witten alitoa hoja kwamba zote tano ni pande mbalimbali za nadharia moja yenye dimensheni 11, ambayo aliipa jina hilo. Milinganyo kamili ya nadharia hiyo haijaandikwa hadi leo.

Je, nadharia ya nyuzi imethibitishwa?

Hapana. Hakuna jaribio hata moja lililoona uzi, dimensheni ya ziada, au jambo lolote linaloelezeka kwa nyuzi peke yake. Anayesema kwamba wanasayansi wamegundua kuwa ulimwengu umeundwa kwa nyuzi anasema jambo ambalo halijatokea.

Kulikuwa na matumaini juu ya supasimetria, kanuni ambayo nyuzi huitegemea na ambayo hudai kwamba kila chembe inayojulikana ina mwenzake mzito zaidi. Wengi walitarajia wenza hao waonekane katika mashine kubwa ya CERN, yenye mzingo wa kilomita 27, iliyoanza kazi mwaka 2008. Hadi sasa hakuna aliyeonekana. Hilo haliiui nadharia ya nyuzi, kwa kuwa wenza hao wanaweza kuwa wazito kupita uwezo wa mashine, lakini si haki kusema kwamba halina maana. Matumaini yaliyotangazwa hadharani hayakutimia, na msomaji ana haki ya kuambiwa hivyo.

Kwa nini isijengwe mashine kubwa zaidi?

Nishati ya kuufikia urefu wa Planck ni takriban mara 10¹⁵ ya ile ya mashine ya CERN. Kwa sumaku za aina ileile, duara lake lingehitaji mzingo wa maelfu ya miaka-nuru, mwaka-nuru mmoja ukiwa ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka. Ushahidi ukipatikana, huenda utatoka angani, katika mabaki ya mwanzo wa ulimwengu au katika mashimo meusi, si katika handaki.

Basi kwa nini watu makini wanaendelea nayo?

Kwa sababu imefaulu mitihani ya hisabati ambayo ingeweza kuifeli. Katika miaka ya 1970 Jacob Bekenstein na Stephen Hawking walionyesha kwamba shimo jeusi lina entropia, na kwamba entropia hiyo hutegemea eneo la uso wake. Entropia kwa kawaida huhesabu idadi ya mipangilio ya ndani iliyofichika, lakini hakuna aliyeweza kusema ni mipangilio ya nini. Mwaka 1996 Andrew Strominger na Cumrun Vafa walichukua aina maalumu ya mashimo meusi, wakahesabu mipangilio ya vijenzi vyake kwa nadharia ya nyuzi, na jibu likawa lilelile la Bekenstein na Hawking, pamoja na ile robo inayozidisha eneo katika fomula yao. Mashimo hayo si yale yaliyopigwa picha mwaka 2019 wala yale ambayo mawimbi yake ya uvutano yalinaswa tarehe 14 Septemba 2015. Ni ya kinadharia na yenye masharti mengi. Hata hivyo hakukuwa na sababu yoyote ya namba hizo mbili kukubaliana kama nadharia ingekuwa upuuzi.

Mwaka uliofuata, 1997, Juan Maldacena alipendekeza kwamba nadharia ya uvutano ndani ya aina fulani ya anga ni sawa kabisa na nadharia ya chembe isiyo na uvutano iliyo kwenye mpaka wa anga hiyo. Kwa njia hiyo swali gumu la upande mmoja huhamishiwa upande wa pili linakotatulika, na mbinu hiyo imesaidia kuelewa mchanganyiko wa moto wa kwaki na gluoni (chembe zinazobeba nguvu kali) unaotengenezwa kwa kugonganisha viini vizito vya atomu.

Wanahisabati nao wamefaidika. Mwaka 1991 wanafizikia wa nyuzi walitabiri idadi ya mistari iliyopinda ya aina fulani iliyomo katika umbo moja la Calabi na Yau, na kwa mistari ya daraja la tatu namba yao ilikuwa 317,206,375. Wanahisabati wawili waliokuwa wakitafuta namba hiyohiyo kwa kompyuta walipata tofauti. Baadaye ikaonekana kwamba kosa lilikuwa katika programu ya kompyuta, na namba ya wanafizikia ikawa ndiyo sahihi.

Wapinzani wanasema nini?

Hoja yao nzito zaidi ni kwamba nadharia haijatoa utabiri ulio bayana. Namna za kuzikunja dimensheni za ziada ni nyingi mno; makadirio yanayotajwa mara nyingi ni 10⁵⁰⁰, kila moja ikitoa ulimwengu wenye chembe na nguvu zake. Nadharia inayoruhusu karibu kila kitu haikatazi lolote, na isiyokataza lolote haiwezi kukamatwa ikikosea. Zaidi ya hapo, mwaka 1998 iligunduliwa kwamba upanukaji wa ulimwengu unaongeza kasi, na kuupata ulimwengu wa namna hiyo ndani ya hesabu za nyuzi kumekuwa kugumu hadi leo. Wapinzani hukumbusha pia kwamba ziko njia nyingine, hasa graviti ya kwanta ya vitanzi iliyokuzwa na Abhay Ashtekar, Carlo Rovelli na Lee Smolin kuanzia miaka ya 1980, ingawa nayo haijapata ushahidi wa vipimo.

Ninaona hoja ya utabiri ni ya haki na haijajibiwa. Sioni kwamba inatosha kuifunga kazi hiyo, kwa sababu hesabu za mashimo meusi zinaonyesha kuna jambo la kweli ndani yake hata kama si nadharia ya mwisho. Ila inatosha kabisa kutuzuia tusiifundishe kwa sauti ileile tunayofundishia uhusianifu.

Mashine zinazodaiwa kupima mwili mzima kwa "kwanta" zinatumia fizikia hii?

Hazitumii. Swali hili huulizwa sana, kwa sababu vifaa hivyo huzungushwa mijini na vijijini: mtu hushika kipande cha chuma mkononi, na baada ya dakika chache hupewa orodha ya hali ya ini, figo, mifupa na vitamini zake, kisha huuziwa virutubisho. Kushika chuma kunaweza kupima jinsi ngozi inavyopitisha umeme, jambo linalobadilika kwa jasho tu. Hakuna kanuni ya kwanta inayowezesha kupata taarifa za figo kwa njia hiyo. Vipo vipimo vya hospitali vinavyotumia kanuni za kwanta kikweli, kama vile MRI, ambayo hutegemea spini ya viini vya haidrojeni mwilini, lakini huhitaji sumaku yenye nguvu kubwa sana na wataalamu waliosomea. Ninaomba mtu yeyote mwenye dalili za ugonjwa aende zahanati au hospitali.

Je, mambo haya yanapingana na dini?

Fizikia hueleza jinsi maumbile yanavyoenenda. Haina kipimo cha kwa nini yapo. Georges Lemaître, aliyekuwa wa mwanzo kutoa wazo la ulimwengu kuanza katika hali ya msongamano mkubwa, alikuwa padri Mkatoliki, na Abdus Salam wa Pakistani, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1979 kwa kuunganisha nguvu ya umeme na nguvu hafifu, alinukuu Kurani katika karamu ya tuzo hiyo.

Ina faida gani kwa mkulima wa zabibu au alizeti?

Kwa sasa, hakuna. Hata mwaka 1915 hakuna aliyeona matumizi ya mpindo wa anga, na leo ramani za simu zinautegemea, lakini mfano huo si ahadi. Ziko nadharia nyingi zilizokuwa nzuri na hazikuzaa kitu. Anayeichunguza nadharia ya nyuzi anafanya hivyo kwa sababu swali la uvutano na kwanta ni la kweli na halijajibiwa.

Mimi ni mwanafunzi wa sekondari Dodoma. Nianzie wapi?

Anza na hisabati, na usiiogope. Kidato cha tano chagua tahasusi yenye Fizikia na Hisabati ya Juu, PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati) ikiwa ndiyo iliyozoeleka zaidi. Chuo kikuu soma fizikia au hisabati. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, hufundisha zote mbili. Katika shahada ya kwanza hakikisha umezielewa vizuri aljebra mstari, kalkulasi ya vigeu vingi na namba changamano, kisha umakanika wa kwanta na uhusianifu. Nyuzi zenyewe hufundishwa kuanzia shahada ya uzamili, na anayezikimbilia mapema hupata maneno bila hesabu.

Baada ya shahada ya kwanza njia hazijafungwa. Abdus Salam alianzisha kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia huko Trieste, Italia, mwaka 1964, akiwa na nia ya kuwasaidia wanasayansi kutoka nchi zinazoendelea, na kituo hicho kina stashahada ya uzamili ya mwaka mmoja inayowaandaa wanafunzi wa nchi hizo kwa masomo ya uzamivu. Tangu mwaka 2018 kina taasisi dada katika Chuo Kikuu cha Rwanda, Kigali, yenye programu za uzamili na uzamivu. Kwa kijana wa Dodoma au Singida, huko kunafikika kwa barabara kupitia Nzega, Kahama na Rusumo.